Siga zilizonuka kafuri: kisa cha kisanduku cha mzee wa Kibokoni

Mwezi wa tatu, lile joto la mwisho wa kaskazi ambalo hata paka wa Mji wa Kale wa Mombasa walala barazani miguu juu, mzee mmoja wa Kibokoni alikuja kibandani kwangu na kitu kimefungwa ndani ya kikoi. Mimi ni fundi wa makasha na meza za nakshi, kwa hivo kuletewa kitu kimefungwa kikoi si ajabu, ajabu ni maneno aliyoanza nayo. Hakusema kimevunjika. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, akaweka mzigo juu ya benchi akasema, "Mwanangu, hebu nusa."

Nikanusa. Nikakifunga haraka.

Ndani kulikuwa na siga 36. Nasema siga, zile nene za jani tupu zinazoviringishwa kwa mkono, si sigara za paketi. Mzee alifanya kazi kwenye matagi ya bandarini, vile vyombo vya kuvuta meli kubwa, miaka mingi, mabaharia wa meli za nje walikuwa wakimpa moja mbili, tabia ikaota mizizi, na sasa amestaafu anavuta moja tu kila Ijumaa baada ya pilau, juu darini, peke yake. Kisanduku alitumiwa zawadi na mtoto wake aliye Uingereza, wenyewe wakiita humido, ni sanduku la mbao lenye kifuniko cha kubana, ndani lina mita ndogo ya unyevu na kisponji cha kutia maji, kazi yake ni kuweka siga katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70 zisikauke zikavunjika na zisilowe zikaota ukungu. Mimi mwenyewe sivuti, mkinitukana kwa kuwasaidia wavutaji ni sawa, lakini sanduku ni sanduku.

Malalamiko yake ni kwamba tangu Disemba kila siga aliyowasha ilikuwa na ladha ya dawa. Na mshtakiwa alikuwa keshampata. "Ni udi wa Bi. Kila Alhamisi usiku nyumba nzima yafukizwa, sebule, vyumba, makabati, mpaka kanzu zangu. Nshamwambia, hasikii." Ikatoka kwamba wiki mbili hizo yeye na mkewe walikuwa wanaongea kupitia kwa mjukuu. Alichotaka kwangu ni sanduku jipya "ambalo udi hauingii", na ndani nilipige mbao za mtarakwa kwa sababu alisikia siga hukaa kwenye mbao ya sida, na mtarakwa nao watu huuita sida.

Hapa ndo nikamwambia mzee wangu ngoja kwanza. Manake kabla sijashika randa niliwahi kubeba mzigo kwenye godauni la chai kule Shimanzi, na wote mwajua chai ya Afrika Mashariki inanadiwa hapa Mombasa, mnada ulihamia huku kutoka Nairobi mwaka 1969. Kitu cha kwanza unachofunzwa pale si kubeba, ni kunusa. Kontena likija tupu msimamizi aingiza kichwa ndani kabla ya gunia moja kuguswa, likiwa lilibeba ngozi au samaki au sabuni linarudi lilikotoka, kwa sababu jani la chai lililokauka lanywa harufu kama sponji na ikishaingia hakuna wa kuitoa. Tumbaku ni jani vilevile. Limekaushwa, limechachushwa, lina vitundu vitundu, linavuta unyevu na chochote kilichopanda ndani ya huo unyevu. Kwa hivo swali halikuwa sanduku gani latakikana, swali lilikuwa kontena hili lilikaa karibu na nini.

Na ile harufu niliyonusa, wallahi, haikuwa udi. Ilikuwa na kitu cha udi, ule utamu mzito wa mbao, lakini chini yake kulikuwa na ubaridi unaopanda puani, na chini ya huo ubaridi kulikuwa na harufu ya godoro lililolowa. Harufu mbili zimelaliana. Si ajabu mzee alichanganya, ukizingatia udi wenyewe asili yake ni mti uliougua kuvu ukatoa utomvu, kwa hivo ukichanganya ukungu na kitu chenye ukali wa utomvu pua ya mtu aliyelala na udi miaka 40 itasema tu udi.

Sasa sikutaka kumwambia mzee mkeo hana kosa kwa maneno ya pua yangu tu, mimi ni fundi siyo kadhi. Nikaenda nyumbani kwao jioni nikabeba chai. Majani makavu, chai nyeusi ya kawaida isiyotiwa iliki wala tangawizi, nikayaweka kwa visahani vitatu. Kimoja sebuleni kwenye kidaka ambapo chetezo hupita. Kimoja chumbani mahali anapoweka humido. Kimoja ndani ya humido yenyewe baada ya kutoa siga zote. Ilikuwa Jumatano, nikawaambia msiguse mpaka Ijumaa asubuhi, ili usiku wa kuamkia Ijumaa upite na udi wake wote, na Bi nikamuomba afukize kama kawaida, asipunguze. Akaniangalia. "Mimi sijapunguza hata siku moja, mwanangu, na sitapunguza."

Ila kile kisahani cha chumbani kilinipa jibu kabla hata sijakiweka. Nilipomuuliza mzee humido hukaa wapi alinipeleka kwenye kasha, kasha kubwa la mamake, lile la mbao ya kafuri, kazi ya zamani, lina misumari ya shaba na kufuli. Tangu wajukuu waanze kutambaa na kufungua kila kitu alikuwa anaitia humido ndani ya kasha, anafunga, ufunguo mfukoni. Tangu lini? "Tangu Disemba, shule zilipofungwa."

Alipofungua kifuniko macho yalinitoka machozi. Makasha haya ndo maana yanapendwa, kafuri iliyomo ndani ya mbao hufukuza nondo na wadudu, na inatoka kidogo kidogo miaka na miaka. Yeye haisikii kabisa, amekua nayo, kwake hiyo ni harufu ya mamake. Lakini kwa siga lile kasha ni kontena lililobeba ngozi, tena limefungwa, hakuna hewa inayoingia wala kutoka, miezi mitatu. Na sisi Waislamu wa pwani twajua kafuri mara ya mwisho mtu anapakwa wapi. Mzee mwenyewe alipogundua alikaa kitini kimya, halafu akasema polepole, "Kwa hivo nimekuwa nikivuta maiti." Nikacheka mpaka Bi akaja kuuliza kuna nini.

Hata hivo tuliacha visahani viende, manake ushahidi ni ushahidi. Ijumaa asubuhi nikavinusa mbele ya wote wawili na nikawanusisha. Cha sebuleni kilikuwa na udi, upo, lakini mwepesi, kama nguo ya mtu aliyepita. Cha kasha kilikuwa kafuri tupu. Cha ndani ya humido kilikuwa kafuri pia, na ule ukungu. Udi haukuwepo kwa namna ambayo mimi au Bi tungeweza kuusikia, na pua ya Bi kwa udi usibishane nayo.

Kasha limeeleza kafuri. Lakini humido nzuri hubana, kwa nini kafuri ikaingia kwa wingi hivo, na ule ukungu umetoka wapi? Hapa ndo sehemu ya fundi.

Nikachukua noti nikaiweka ukingoni mwa kisanduku, nikafunga kifuniko, nikaivuta. Mbele ilishika vizuri. Nyuma ilitoka kama imepakwa mafuta. Nikawasha taa ya simu nikaiweka ndani, nikafunga, nikazima taa ya chumba, na upande wa bawaba kulikuwa na mstari wa mwanga kama uzi. Bawaba zilikuwa za rangi ya dhahabu zinang'ara kwa juu, nikakwaruza na kucha, chuma. Chuma Mombasa, nyumba iko hatua chache kutoka baharini! Kutu ilikuwa imefura chini ya ile rangi ikainua kifuniko unene wa karatasi mbili. Vitu hivi hutengenezwa kwa nyumba za watu wengine mbali huko, hewa yao haina chumvi.

Na hilo hilo la nyumba za watu wengine ndo lilileta ukungu, na hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu nimeona watu wengine wawili hapa mjini na shida ileile. Karatasi ya maelezo iliyokuja na humido inasema tia maji kwenye sponji kila mshale ukishuka chini ya 70. Sawa. Imeandikwa kwa mtu ambaye nje kuna baridi, ndani amewasha hita, hewa ya nyumba imekauka mpaka midomo inapasuka, huyo kweli siga zake zitakuwa kama majani ya mnazi bila maji. Sisi hapa asubuhi unyevu hupita asilimia 80 mara nyingi bila mtu kutia tone. Chumvi inaganda ndani ya kichupa, biskuti ukiiacha wazi usiku asubuhi imelala. Kazi ya humido Mombasa mara nyingi ni kuzuia maji yasiingie, na mzee wangu alikuwa kila Jumatatu anatia kijiko cha maji, tena ya kisima, ya chumvi chumvi, sponji ilikuwa na utelezi kama jiwe la ufukweni.

"Lakini mita yasema 68," akanionyesha. Basi tukaipima ile mita. Hii ni rahisi na mtu yeyote mwenye mita ya unyevu aifanye: kifuniko cha chupa, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke ikawa maji, weka pamoja na mita ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, acha mpaka kesho. Chumvi iliyolowa namna hiyo hushikilia hewa iliyoizunguka kwenye asilimia 75, haijali nje kuna nini. Kwa hivo mita nzima lazima isome 75. Ya mzee ilisoma 66. Tisa nzima chini. Yaani akiona 68 ndani kulikuwa na 77, na akiona 70 anafurahi ameigonga, kumbe ni 79. Hizi mita za mshale ni pambo tu, nyuma yake kuna kiskrubu cha kurekebisha ambacho hakuna anayekigusa. Nilikizungusha mpaka ikasoma 75, nikarudia usiku wa pili, ikakaa.

Habari ya mtarakwa. Mbao inayopigwa ndani ya humido huitwa sida ya Kispania, ambayo haitoki Spania wala si sida, ni mti wa Amerika ya kati na kusini wa ukoo mmoja na mkangazi wetu na mwarobaini. Harufu yake ni pole, yaendana na tumbaku. Mtarakwa wa bara ni kitu kingine, ule ndo wa penseli na nguzo za ua, mafuta yake yana harufu kali, ungemtoa mzee kwenye kafuri ukamtia kwenye penseli. Nikakataa. Pia alitaka niipake vanishi ndani "ifunge harufu". Nikakataa tena, mbao ya ndani ni lazima ibaki uchi ipumue, na vanishi yenyewe ikinuka wiki tatu nani atalaumiwa, Bi tena?

Kusafisha nilifanya hivi. Sponji nikaitupa, haikuwa na maisha. Bawaba nikang'oa nikaweka za shaba, nikachimba kitanda chake kidogo kifuniko kikae chini, nikarudia noti ikashika pande zote nne. Ndani nikapiga msasa laini, mkono mwepesi, nikiondoa kama unene wa ngozi ya kitunguu, vumbi lote nikalifuta kwa brashi kavu. Hakuna sabuni, hakuna siki, hakuna dawa ya choo, hakuna marashi, manake kila unachopaka kwa mbao kavu mbao itakunywa na itakurudishia. Halafu nikaiacha wazi kivulini kwenye ubaraza wa juu unaopata upepo, si juani, jua la mwezi wa tatu lingepasua vile vibao vyembamba kwa siku moja. Usiku naifunga na kisahani cha makaa, yale makaa yanayotumiwa kusafisha maji ya tangi la samaki wa mapambo, si ya jiko, ya jiko yana moshi wake. Wiki ya kwanza ukifungua asubuhi kafuri yakupiga. Wiki ya pili ikapungua, pembeni mwa kile kigawanyo cha ndani ikabaki, nikakitoa nikakipiga msasa tena pande zote. Wiki ya tatu nikaweka kisahani cha chai usiku kucha, ikatoka ni chai. Tuliwahi masika kwa siku chache tu, mvua ingeanza hakuna mbao ingekauka.

Siga zenyewe ndo zilikuwa na huzuni. Nane zilikuwa ndani ya vibomba vya alumini vyenye kifuniko cha kuzungusha, hizo salama kabisa, kafuri haikuzigusa. Mbili zilikuwa zimeota manyoya ya kibuluu kwenye mguu, yaani ule mwisho unaowashwa, huo ni ukungu, nikatupa bila mjadala ingawa mzee alitaka kufuta kwa kitambaa. Zikabaki 26 zinazonuka. Nilizikagua tundu tundu kama za sindano, manake kuna kidudu cha tumbaku ambacho mayai yake huanguliwa siga zikikaa kwenye joto, na chumba cha Mombasa bila AC mwezi wa tatu kinapita 30 bila kujuta. Sikuona tundu hata moja, lakini kwa tahadhari tuliamua zigandishwe siku nne kwenye friza. Sasa friza ya nyumba ya Mji wa Kale mwaijua, changu, pweza, nazi iliyokunwa. Tukitoka kafuri tuingie pweza? Tukatia siga kwenye mfuko wa zipu, mfuko ndani ya mfuko, halafu ndani ya bakuli la plastiki la kubana, na zilipotoka zikakaa siku moja kwenye friji kabla ya kuletwa nje, na hatukufungua mpaka zikapata joto la chumba ndani ya mifuko yake, la sivyo maji yaganda juu ya jani.

Baada ya hapo zikahamia bakuli lingine kubwa la plastiki nililoliosha na kuliacha wazi siku tano mpaka likaacha kunuka plastiki, pamoja na vipakiti vya Boveda vya asilimia 65. Hivi vipakiti nimevipenda, ndani kuna maji na chumvi, hewa ikiwa kavu vinatoa unyevu na hewa ikilowa vinavuta, ndo kitu kinachofaa mtu wa hapa kuliko sponji ambayo inajua kutoa tu. Mzee kila asubuhi baada ya kahawa anafungua bakuli dakika kumi, anafunga. Mwanzo alilalamika ni kama kulea mtoto mchanga. Wiki saba.

Wiki ya saba ikawa Ijumaa ya kujaribu. Darini, mzee, mimi, na mjukuu aliyekatazwa kukaribia. Aliikata, akainusa ikiwa haijawashwa, akainusa tena, akawasha. Mivuto ya kwanza uso wake haukusema chochote. Halafu akasema kafuri ipo mbali, kama mtu yuko chumba cha pili. Ilipofika nusu akasema imetoka nje ya nyumba. Kwa kunusa tukazigawa zilizobaki, na kwa hesabu ya mwisho, tukiihesabu na ile aliyovuta, 17 zilipona au zilikaribia, na 9 zilikataa, zote zilizokuwa zimelala safu ya chini upande wa nyuma, palepale penye ule uzi wa mwanga. Nilimwambia azitupe. Hakuzitupa, amezirudisha kwa kasha la mamake pamoja na makoti, anasema zikae na wenzao.

Humido sasa iko juu ya kidaka cha chumba cha kulala, ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na jiko, chini yake nimeweka vibao viwili kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe una jasho lake. Ndani ni vile vipakiti tu, hakuna maji. Na Alhamisi jioni kabla ya chetezo kuwashwa kisanduku kizima huingia ndani ya bakuli kubwa la kubana mpaka kesho, manake udi safari hii hakuwa mwizi lakini sijasema ni malaika, siga ukiziacha wazi sebuleni zitaubeba.

Malipo alinilipa yote bila kupunguza senti. Bi naye siku ile ya visahani, mzee alipoenda kuchukua pesa chumbani, alikichukua kile kisahani cha sebuleni, akayamwaga majani kwenye birika, akaniwekea kikombe. Ilikuwa na udi kwa mbali. Nikanywa, nikaomba cha pili.